Maswali kwa Fundi: Dragsta ya Kujiundia, Injini Mbele na Dereva Nyuma

Tangu safu hii igusie mbio fupi za mstari ulionyooka, barua zimemiminika, na karibu zote zinahusu gari la aina moja: dragsta ya mtindo wa zamani, yenye injini mbele na dereva aliyeketi nyuma kabisa, hata ekseli ya magurudumu makubwa iko mbele ya kiti chake. Wamarekani waliipa jina la manati, kwa kuwa dereva hukaa kama jiwe lililovutwa nyuma likingoja kuachiwa. Nimechagua barua nne ambazo majibu yake yatawafaa na wengine walioandika.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mchomeleaji wa vyuma kwa kazi yangu ya kila siku, na ninayo injini ya Chevrolet V8 ya lita 5.7 niliyoitoa kwenye pikapu mbovu. Nimekwisha kununua mabomba ya fremu. Je, niifunge injini kwanza kisha nitafute mahali pa kiti? Na gari liwe na urefu gani?

Marahaba. Mabomba yaweke kando kwa wiki mbili hivi, maana swali lako lenyewe linaonyesha kwamba unataka kuanzia mahali ambapo wengi wetu tulianzia tukajuta. Mtu anayeunda gari kwa mapenzi huanza na injini, kwa sababu injini ndiyo aliyoipenda, kisha dereva anatafutiwa nafasi kwenye upenyo uliobaki. Dragsta hii hujengwa kuanzia kwenye makalio ya dereva kwenda mbele, na injini huja baadaye.

Weka kiti sakafuni, uvae kila kitu utakachovaa siku ya mbio, yaani suti ya moto, viatu, glavu, kola ya shingo na helmeti, kisha ukae. Mwombe mtu akuwekee ile nyumba ya ekseli chini ya mapaja yako, magoti yakiwa yamekunjwa juu yake na giaboksi ikiwa katikati ya miguu. Hapo ndipo utakapogundua mambo ambayo mchoro haukukuambia: kwamba goti la kulia linagusa mahali utakapopita mkono wa breki, kwamba ukiinamisha kichwa helmeti inagonga kitu, kwamba usukani uliokuwa mzuri ukiwa umevaa shati hauzunguki ukiwa umevaa suti nene. Mimi nilitengeneza kizimba changu cha kwanza, yaani yale mabomba yanayomzunguka dereva, kwa mabomba ya plastiki ya maji, nikakata na kubandika upya mara tano, na hasara yote ilikuwa ya mchana mmoja tu. Kizimba cha chuma kikikosewa hakibandikwi upya. Hukatwa na kutupwa.

Kuhusu chuma chenyewe, kwa kuwa wewe ni mtu wa kazi hiyo sitakufundisha kuchomelea, ila nitakukumbusha jambo moja. Bomba la kromoli la 4130, yaani chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni, lina nguvu kuliko chuma laini, na ndiyo maana linaruhusiwa kuwa jembamba zaidi, lakini halivumilii mchezo: maungio yakatwe yakae vizuri bila mwanya, yachomelewe kwa TIG (umeme wa ncha ya tungsteni ndani ya gesi ya kinga), na yaachwe yapoe yenyewe bila kumwagiwa maji, kwani yakipozwa ghafla huwa magumu na mepesi kupasuka. Shikiza fremu nzima kwa nukta kwanza, ikiwa imefungwa juu ya meza iliyonyooka, kisha uchomelee ukihama upande huu na upande ule. Ukimaliza upande mmoja wote kabla ya kugusa wa pili, joto litaikunja fremu kama upinde, na gari la mbio za kunyooka lisilonyooka ni kichekesho cha gharama kubwa.

Sasa urefu. Zamani matairi yalikuwa dhaifu na hayakushika lami, kwa hiyo waundaji walitafuta kila njia ya kulundika uzito juu ya magurudumu ya nyuma. Dereva alisogezwa nyuma ya ekseli na gari likafanywa fupi, kwa kuwa gari likiwa fupi uzito mwingi zaidi huhamia nyuma linapoondoka. Matairi yalipoanza kushika kwelikweli, ufupi huohuo ukawa balaa, pua ikainuka angani na usukani ukabaki pambo. Ndipo fremu zikarefushwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa umepita mita 5 katika magari mengi ya daraja la juu. Kwa injini kama yako isiyo na supachaja, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, mita 4 hadi 4.5 zinatosha. Usiogope fremu inayopinda kidogo katikati inapoondoka. Hakuna springi nyuma, ekseli imefungwa moja kwa moja kwenye mabomba, kwa hiyo fremu yenyewe hufanya sehemu ya kazi ya springi.

Kingpini za mbele, yaani zile pini ambazo magurudumu hugeukia, zilaze kuelekea nyuma kwa pembe kubwa kuliko ya gari la barabarani, ili magurudumu yajirudishe katikati yenyewe. Fimbo ya usukani, ile ndefu inayopita kando ya injini hadi mbele, ndiyo inayonikosesha usingizi katika gari hili lote. Kila nati yake ifungwe kwa namna isiyoweza kujifungua, kisha uipige mstari mwembamba wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma kinachoishikilia. Siku moja, baada ya mbio ya tatu, nilikuta mstari wangu umeachana, nusu moja ikielekea saa tatu na nyingine saa nne. Nati hiyo ningeigusa kwa mkono ningesema imekaza.

Shikamoo Fundi. Mume wangu anaunda gari hilo mnaloliandika. Nimeliona: miguu yake inapita juu ya ekseli na kuna mashine inayozunguka katikati ya mapaja yake. Yeye anasema ni salama. Mimi sijui chochote kuhusu magari, lakini nina macho. Nimuulize nini?

Marahaba, mama. Macho yako yameona kitu kilekile kilichobadilisha historia ya mchezo huu. Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions karibu na Long Beach, Kalifonia, Don Garlits, bingwa mashuhuri kuliko wote wa dragsta, aliondoka kwenye mstari na giaboksi yake ya gia mbili ikapasuka. Gari lilikatika vipande viwili, na sehemu ya mguu wake wa kulia ikapotea. Akiwa anauguza jeraha alianza kufikiria dragsta yenye injini nyuma ya dereva, akaiunda, na mwaka 1971 akashinda nayo mashindano ya Winternationals kule Pomona. Baada ya miaka michache, daraja la juu lilikuwa limeiacha kabisa injini ya mbele. Inayokimbizwa leo hukimbizwa kwa mapenzi ya mambo ya kale, na sehemu kubwa ya hatari ile ya 1970 imewekewa kinga, mradi kinga hizo zimefungwa.

Kwa hiyo usimuulize kama gari ni salama, maana atakujibu ndiyo. Mwambie akuonyeshe. Akuonyeshe ngao ya giaboksi, iwe ni blanketi maalumu au ganda la chuma, yenye kibandiko cha SFI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya vifaa vya mbio. Akuonyeshe kifuniko cha chuma kilichofungwa juu ya kile kiungo kinachozunguka kati ya giaboksi na ekseli, na ukikisukuma kwa mkono kisitikisike. Akuonyeshe tarehe kwenye mikanda ya kiti, kwa kuwa mikanda ya SFI huhesabiwa miaka miwili tangu ilipotengenezwa, hata kama ilikaa kabatini. Geuza helmeti yake ndani usome: inatakiwa iwe na kibandiko cha Snell, taasisi inayopima helmeti, chenye herufi SA, ambayo hupimwa na kwa moto pia, ile yenye herufi M ni ya pikipiki na haikupimwa hivyo. Halafu uliza habari za mikanda ya mikono, ile inayozuia mikono isitoke nje ya kizimba gari likipinduka, kwani gari hili halina paa wala mlango na mikono hutupwa nje bila hiari ya mwenyewe.

Jambo la mwisho mtalifanya wawili nyumbani, gari likiwa limezimwa. Avae kila kitu, afungwe mikanda, umfunge kitambaa machoni, kisha umwamuru: zima injini, funga mafuta, vuta parachuti, toka. Kule Marekani, dereva anayeomba leseni ya magari ya kasi hutakiwa kuonyesha akiwa amefunikwa macho kwamba anajua kila swichi na kila mkono wa kuvuta ulipo. Shika saa. Mara ya kwanza atapapasa, na huenda akakasirika. Mrudie hadi mkono wake uende wenyewe.

Ndugu Fundi, rafiki zangu wananihimiza nitumie methanoli badala ya petroli kwa kuwa injini haichemki na gari huwa na nguvu zaidi. Unaonaje?

Wamekuambia kweli, ila wamekuachia nusu. Methanoli huipoza injini vizuri mno na muda wako haubadilikibadiliki sana hali ya hewa ikigeuka, lakini utaunguza karibu mara mbili ya kiasi cha petroli, kwa hiyo pampu, mipira na kabureta vyote vibadilishwe. Inavuta unyevu wa hewa na inakula alumini, ndiyo maana wanaoitumia huusafisha mfumo wote wa mafuta wanapomaliza siku. Tena moto wake hauonekani vizuri juani; mtu anaweza kuwa anaungua mbele yako ukadhani anacheza. Kimbia msimu mzima kwa petroli kwanza, ujue gari lako lina tabia gani.

Shikamoo Fundi. Kabla ya mbio nilijiandikia kwamba nitakimbia sekunde 10.20, na mwenzangu 11.00. Mimi nilikimbia 10.22, yeye 11.05. Nilikuwa na kasi zaidi, na tena nilikuwa karibu zaidi na muda niliojiandikia, lakini ushindi alipewa yeye. Nimeonewa?

Marahaba, na hukuonewa hata kidogo. Umeisahau namba ya tatu katika karatasi yako ya muda, ambayo kwa bahati nzuri uliiambatanisha na barua: mwitikio wako, yaani muda kati ya taa ya kijani na gari kuondoka, ulikuwa 0.150 na wa mwenzako 0.040.

Katika mbio hizi za kujiandikia muda, mwenye gari la polepole hupewa taa ya kijani mapema kwa tofauti ya muda mlioandika, hapa sekunde 0.80, ili kama wote mngekimbia sawasawa na mlivyoandika mfike mwisho wa mita 402 pamoja. Kinachobaki ni makosa yenu. Wewe ulichelewa kuondoka kwa 0.150 na ukapitisha muda wako kwa 0.02, jumla 0.170. Yeye alichelewa kwa 0.040 na kupitisha kwa 0.05, jumla 0.090. Alikutangulia kufika mwisho kwa sekunde 0.08.

Kosa lako liko kwenye taa. Zile tatu za manjano huwaka moja baada ya nyingine, zikiachana kwa nusu sekunde, na kisha huja ya kijani. Wewe bila shaka unaingoja ya kijani. Ukiiona imekwisha kukuacha, kwa kuwa jicho, mguu na gari lenyewe lazima vipate muda wa kuitikia. Ondoka kwa taa ya manjano ya mwisho. Ukiona taa nyekundu umewahi mno na umeshindwa hapohapo, basi punguza kidogo hewa ya matairi ya mbele, au usimame kwenye mstari nyuma kidogo ya pale ulipozoea, badala ya kujaribu kuufundisha mguu uchelewe.

Na usidanganyike kujiandikia muda mrefu ili uwe na akiba. Ukikimbia chini ya muda uliouandika unapoteza, isipokuwa mwenzako amepunguza wake zaidi yako au amewasha nyekundu. Tena wewe uko karibu na mpaka: chama cha NHRA cha Marekani, na viwanja vingi vinavyofuata kanuni zake, hutaka dragsta inayokimbia sekunde 9.99 au chini yake ikaguliwe fremu na dereva wake awe na leseni ya daraja hilo, na gari linalofika kilomita 241 kwa saa liwe na parachuti. Asubuhi ya baridi, hewa ikiwa nzito, gari la 10.20 linaweza kukushtua. Andika halijoto ya hewa juu ya kila karatasi ya muda unayopewa, na zile za asubuhi uzihifadhi kwenye bahasha yake peke yake.