Mama kapata 8.5 kati ya 12: ubongo umeharibika?

SWALI: Mama yangu ana miaka 58 na anatumia ARV. Siku hizi anasahau sufuria motoni na anachelewa kujibu. Kliniki walimwambia agonge vidole, ageuzegeuze mkono mezani, kisha ataje maneno. Kapata 8.5 kati ya 12. Hajasoma hata darasa moja. Je, wamemwonea?
Msomaji, Arua

JIBU: Kwa upande wa shule, hapana. Kipimo hicho cha dimensia ya VVU (kupungua kwa kumbukumbu na wepesi wa akili kunakoletwa na virusi) kilichapishwa mwaka 2005 baada ya kujaribiwa Kampala na Marekani, na hakidai kusoma wala kuandika. (Vile vya kuchora saa na mchemraba ndivyo vinavyomwonea asiyewahi kushika kalamu.)

Kina sehemu tatu za alama 4 kila moja. Kwanza, kugonga kidole gumba na cha shahada kwa mkono asioutumia sana, kwa sekunde 5: mara 15 au zaidi ni alama 4, mara 11 hadi 14 ni 3. Pili, ngumi, kiganja chini, kisha mkono ukae kwa ubavu. Mizunguko 4 sahihi ndani ya sekunde 10 ni alama 4. Mwisho anaulizwa maneno manne aliyopewa mwanzoni: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Neno alilokumbuka mwenyewe ni alama 1. Akidokezwa "ni mnyama" ndipo akalipata, nusu. Hiyo nusu ya mama yako ina maana: neno lilishika kichwani, kulitoa ndiko kuzito. Asiyelipata hata kwa kudokezwa, huenda neno halikushika kabisa.

Alama 10 kushuka chini zinamaanisha achunguzwe zaidi, basi. Baridi yabisi ya vidole, masikio mazito, usingizi mbaya, sonona au pombe vinaweza kuzishusha. Ulizeni pia alipimwa kwa lugha gani. Kama nyumbani anaongea Kilugbara, maneno yatajwe kwa Kilugbara.

Ombeni apimwe wingi wa virusi, CD4 (seli za kinga), kaswende na tezi ya shingo (thairoidi). ARV asiache. Aende na miwani, dawa zake zote na mtu anayeishi naye, ila huyo asimsaidie kujibu. Msimkaririshe yale maneno nyumbani, maana alama zitapanda bure. Akipata homa, kichwa kikali au akichanganyikiwa ghafla, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.