Maka kwanza, penseli baadaye

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nachora kwa penseli za rangi tu. Picha moja ya A4 hunila wiki tatu, na muda mwingi huishia kwenye kujaza mandhari ya nyuma. Hata nikandamize vipi, vidoa vyeupe vya karatasi havitoki. Nimeshauriwa nitandike maka peni chini. Nimeona seti mbili za rangi 120, moja ya maji na nyingine ya spiriti. Ya maji ni rahisi zaidi. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba. Usinunue hata moja. Rangi 120 za nini, na kazi ya maka hapa ni kutandika tu? Rangi zenyewe unazo kwenye penseli. Mimi hutumia tisa, nilizonunua mojamoja: kijivu tatu, njano hafifu, buluu ya anga, waridi, kijani cha majani machanga, rangi ya mchanga na kahawia moja. Chagua nyepesi kila mara, kwa sababu penseli itatia giza juu, ila haiwezi kung'arisha kilichokwisha kuwa cheusi. Ukikutana na Copic, maka za spiriti za Kijapani, tazama namba ya kwenye kifuniko: tarakimu ya mwisho ikiwa ndogo, rangi ni nyepesi. Hizo hujazwa wino upya na hata ncha hubadilishwa, kwa hiyo bei yake inauma mara moja tu.

Chukua za spiriti, zenye ncha ya brashi. Hukauka upesi na mistari yake huyeyukiana. Za maji, ukipita mara mbili mahali pamoja, karatasi hujikunja na kutoa vinyweleo, na penseli ikifika hapo hurukaruka.

Karatasi nayo ina maneno. Ile ya maka hasa ni laini mno, penseli inateleza. Tafuta Bristol, ile karatasi nene ya kuchorea, yenye ukwaruzo kidogo, na chini yake uweke karatasi ya kutupa maana spiriti hupenya.

Kuhusu utaratibu, maka hutangulia, ikauke kabisa, ndipo penseli. Nilijifanya mjanja siku moja nikapitisha maka ya njano juu ya embe nililokwisha kulipaka penseli ya kahawia. Ncha ikazoa nta na rangi, ikawa na utando unaong'aa kama kucha, na kila nilipogusa karatasi safi ikaacha mchirizi wa tope. Embe likaharibika, na maka pia.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza. Wino wa maka nyingi za spiriti hupauka kwa mwanga. Nilikuwa na kasuku ukutani, mkabala na dirisha. Baada ya muda manyoya niliyoyachora kwa penseli yalibaki yote, mwili chini yake umekuwa mweupe kama kifaranga. Kwa picha ya kuuza au kutundika, tandika kwa Pitt Artist Pen za Faber-Castell. Wino wake una chembe za rangi zinazostahimili mwanga zaidi, na ukishakauka maji hayautoi. Ubaya wake unakauka haraka, hivyo fanya eneo dogodogo.

Zile utakazonunua, chora mstari wa kila moja kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa kadi nzito, kibandike dirishani miezi mitatu. Kwangu waridi ndiyo iliyotangulia kufa.