Begi la Kamera na Kipimo cha Sekunde 5

Katika sherehe za Mwaka Kogwa kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, kuna tukio moja ambalo halimpi mpiga picha nafasi ya pili. Wanaume wakishamaliza kuchapana kwa vigogo vya migomba, kibanda cha makuti hutiwa moto, na makuti makavu yakishashika hayamngoji mtu. Mara ya kwanza nilipokwenda nilikuwa na begi zuri la mgongoni, la bei kubwa, linalofunguka kwa upande ule unaogusa mgongo, muundo unaosifiwa kwa sababu mwizi aliye nyuma yako hawezi kuifikia zipu. Mwizi hakuifikia kweli, ila na mimi sikuifikia. Ili nibadilishe lenzi ilinibidi nivue mikanda yote miwili, nitafute pa kulilaza begi katikati ya umati unaokimbizana, nipige magoti mchangani, nizungushe zipu pande tatu, kisha nifunge na kulivaa upya. Nilipoinua kichwa, kibanda kilikuwa kimebaki miti na moshi.

Tangu siku ile, kila begi naliuliza swali moja kabla ya mengine: nikiwa nimesimama, nimelivaa, na macho yangu yako kwenye tukio, mkono utaifikia kamera baada ya muda gani? Nimejiwekea kipimo cha sekunde 5 za kutoa na sekunde 5 nyingine za kurudisha. Huko kurudisha ndiko watu wengi wasikokujaribu dukani, ilhali begi linaloachwa wazi kwa kuwa kulifunga ni kazi ndilo linalomwaga lenzi kwenye sakafu ya ukumbi. Jaribio lenyewe ni rahisi. Nenda dukani na vifaa vyako, si na picha ya vifaa hivyo kichwani, uvipange ndani kama utakavyovipanga siku ya kazi, ulivae begi, ufumbe macho, kisha utoe kamera na kuirudisha mara 10. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo amekwisha kukupa jibu.

Utakapokuwa unajaribu, angalia mfuniko unafungukia upande gani. Mfuniko wa begi la begani unapofungukia kwako husimama kama ukuta kati ya kifua na mkono, na inabidi kiwiko kiinuke ili kuuvuka. Unapofungukia nje, mkono huanguka ndani wenyewe. Kamera ilale ikiwa imeshafungwa lenzi, lenzi ikielekea chini na mshikio ukielekea juu, ili vidole vikute mahali pa kushika bila kuigeuza. Zipu ziwe na vishikizo virefu vinavyokamatika hata kwa mkono wenye jasho. Kuhusu velkro, ule utepe unaofunga kwa kunatana, naomba uniamini mimi niliyekwisha kuaibika: ukiichana msikitini wakati hotuba ya ndoa inasomwa, vichwa vyote hugeuka, kuanzia cha bwana harusi. Siku hizi nachagua bizimu au sumaku kwa ajili ya mfuniko, na velkro naiachia kazi ya kushikilia vigawanyo vya ndani.

Raha ya mwilini ni hesabu ya uzito, na hesabu hiyo ifanywe kwa mizani, kwa maana bega hudanganyika kirahisi katika dakika 10 za kwanza. Chukua mfano wa vifaa ambavyo wapiga picha wengi wa harusi wanavyo. Canon EOS 5D Mark IV ikiwa na betri na kadi ina gramu 890. Lenzi ya 24-70mm f/2.8 toleo la pili ina gramu 805, na ile ya 70-200mm f/2.8 toleo la tatu ina gramu 1,480 bila kishikio chake cha stendi. Hapo umeshapita kilo 3 kabla hujaweka flashi, betri za akiba, chaja na chupa ya maji. Begi lenye sponji nene lenyewe, likiwa tupu, linaweza kufika kilo moja na nusu au zaidi. Sasa ufikirie uzito huo ukining'inia begani kuanzia nikahi ya saa 10 jioni hadi keki ikatwe saa 6 usiku, halafu kesho yake uamke ukapige picha ya kundi jingine.

Kwa uzoefu wangu, mkanda mmoja unavumilika hadi kilo 3 hivi, mradi uwe mpana, upitishwe kifuani kwa mshazari badala ya kuning'inizwa upande mmoja, na begi likae juu ya nyonga, mahali ambapo halitapigapiga paja kila unapopiga hatua. Zaidi ya hapo, mgongo ndio uliostahili kubeba. Katika mabegi ya mgongoni, mkanda wa kiunoni wenye sponji si pambo: ukifungwa vizuri juu ya mifupa ya nyonga huyapunguzia mabega sehemu kubwa ya mzigo. Wenzangu wa kike wamenifundisha jambo ambalo nisingeliona peke yangu, kwamba kile kimkanda cha kifuani kikiwa hakiwezi kupandishwa wala kushushwa, begi hilo halikushonwa kwa kuwafikiria wao, na hakuna haja ya kulivumilia.

Begi ninalolitumia zaidi leo ni la mkanda mmoja, lenye ukubwa wa lita 10 hivi, ambalo hukaa mgongoni wakati wa kutembea na kuzungushwa kifuani wakati wa kupiga. Huko kuzungusha ndiko kunakonipa sekunde 5 zangu. Likishafika mbele huwa kama meza ndogo: nabadilisha lenzi juu yake bila kuinama na bila kuweka kitu chini. Kwenye daladala nalivaa mbele tangu kituoni. Nikitembea kando ya barabara nalihamishia upande ulio mbali na magari, kwa sababu vishandu, yaani wezi wa pikipiki, hunyakua kinachoelekea barabarani, na mkanda uliopita kifuani hautakatika kirahisi. Utakuburuza pamoja nao. Nembo ya mtengenezaji niliibandua kwa wembe siku ileile nilipolinunua. Begi linalotangaza jina la kampuni ya kamera linatangaza pia bei ya kilichomo.

Wala usidhani kwamba lazima begi liwe limezaliwa kwa ajili ya kamera. Billingham ya Uingereza, ambayo mabegi yake sasa huuzwa kwa bei ya kutisha, ilikuwa ikishona mabegi ya wavuvi wa ndoano kabla ya kugundua kwamba wapiga picha walikuwa wakiyanunua kwa kazi yao. Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, katikati ya miaka ya 1970 alijibunia begi la turubai lisilo na kuta ngumu, kwa kuwa hakuridhika na yale ya sanduku, na begi hilo hadi leo lina wafuasi wake. Mimi mwenyewe nilifanya kazi kwa miaka miwili na mkoba wa turubai wa mtumba, nilioununua soko la Karume, Ilala, nikautumbukizia kisanduku cha sponji chenye vigawanyo na kumpelekea fundi wa viatu auongezee mkanda mpana. Haukuwa na sura, lakini uliulalia mwili vizuri kuliko begi lile la bei kubwa lililoniponza Makunduchi.

Mvua ina mambo yake. Zamani tulikuwa tukifunika vifaa kwa mfuko wa rambo na mambo yakaisha, lakini tangu Juni 1, 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania Bara, kwa hiyo hakikisha begi lina kifuniko chake cha mvua, ikiwezekana kilichoshonewa ndani ili kisisahaulike nyumbani wakati wa masika. Kwa sisi wa pwani, zipu ya meno ya plastiki hudumu kuliko ya chuma, ambayo chumvi huila hadi ikagoma kusogea. Ikianza kukwama, ipakae mshumaa. Na lenzi zisilale ndani ya begi. Sponji hunywa unyevu na kuukalia kwa siku nyingi, hasa begi likifungwa na kusukumwa mvunguni, na kuvu wakishaanza kujichora ndani ya kioo kama utando wa buibui, gharama ya fundi inaweza kukaribia bei ya lenzi nyingine ya mtumba. Nikirudi kazini, begi naliacha wazi, likiwa tupu, penye hewa.

Kwa wanaokwenda mbugani kwa ndege ndogo, kumbukeni kwamba nyingi huruhusu kilo 15 kwa mizigo yote pamoja, na hutaka mabegi laini yanayokunjika, hivyo sanduku gumu huenda likabaki uwanjani.

Sikulitupa begi langu la mgongoni. Ninaposafiri kwa boti kwenda Unguja ndilo linalobeba kompyuta, chaja na lenzi zote, na lile la mkanda mmoja hulala ndani yake likiwa limekunjwa. Nikifika nyumba ya kulala wageni nalitoa, natia kamera moja na lenzi mbili, na vingine vyote vinabaki chumbani vikiwa vimefungiwa. Bega langu la kushoto bado hulalamika baada ya saa 6 za kulivaa, na kwa hilo sijapata dawa zaidi ya kubadilisha upande kila nusu saa, jambo ambalo mabegi mengi ya mkanda mmoja hayaliruhusu, kwa kuwa mkanda wake umekatwa kwa bega moja tu. Unaponunua, livae na upande wa pili kabla hujalipa.