Upepo wa Hilux iliyoinuliwa

Mkuu, Hilux uliyoinua inchi 2 na kuivalisha tairi 285 (upana wa milimita 285) usiijaze upepo kwa kufuata namba ya ubavuni mwa tairi, ile ni kikomo. Anza na 35 psi (kipimo cha presha ya upepo) asubuhi tairi zikiwa za baridi, chora mstari wa chaki kwenye kashata (meno ya tairi yanayogusa barabara) toka bega hadi bega, yaani ukingo hadi ukingo, tembea kidogo lami iliyonyooka, chaki ikifutika katikati tu punguza upepo, pembeni tu ongeza. Ukibeba mzigo nyuma ongeza. Mchanga wa Kigamboni shusha hadi 18 ila jaza kabla ya kurudi lami, tairi lenye upepo mdogo kwenye spidi linachemka linapasuka! Na kabla ya kufunga bampa na mataa mapya kapige alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) kwanza, la sivyo tairi za mbele zitaliwa upande mmoja.