Jirani yako ni Airbnb, na baraza la mji linasema halina uwezo: niliyopitia hapa Arizona

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umehamia nyumba yako upande wa mashariki wa Phoenix, jirani yako ni nyumba ya Airbnb, yaani ya kupangishwa kwa siku chache kupitia mtandao, inayojaa watu kila Ijumaa. Umekwenda baraza la mji kuomba ifungwe, ukajibiwa kwamba sheria ya jimbo hairuhusu. Sasa unauliza kama wamekudanganya au kuna mtu amekula chake. Hawajakudanganya. Mimi pia nilisimama mbele ya baraza la mji wangu, nimetoka kazini hata sijabadilisha nguo, nikaambiwa hayo hayo.

Mimi ni muuguzi. Nafanya zamu ya usiku na kulala mchana. Mwaka 2021 bibi aliyekuwa jirani yangu alihamia kwa mwanawe, nyumba ikanunuliwa na kampuni. Haikupita miezi miwili, bwawa la kuogelea likazungushiwa taa na vitanda vikaingizwa mpaka gereji. Ulipofika Machi, msimu ambao timu za besiboli huja huku kufanya mazoezi, nilihesabu magari 11 kwenye nyumba ya vyumba vinne. Nafika nyumbani saa mbili asubuhi, saa tano muziki unaanza bwawani, na ukuta wa chumba changu unatetemeka. Mwanangu akawa ananiuliza kila Ijumaa, "Mama, leo watakuja wageni wa aina gani?" Swali hilo liliniuma kuliko kelele zenyewe.

Sasa kuhusu sheria. Katika Marekani mji hauna madaraka yake wenyewe kama jimbo lilivyo nayo. Umepewa, na aliyeupa anaweza kuuwekea mipaka. Mwaka 2016 Bunge la Arizona lilipitisha mswada wa Seneti namba 1350, gavana wa wakati huo, Doug Ducey, akausaini, na sheria ikaanza kutumika mwanzoni mwa 2017. Inasema mji hauruhusiwi kupiga marufuku nyumba za kupangisha kwa chini ya siku 30, wala kuziwekea masharti kwa sababu tu zinatumika hivyo. Goldwater Institute, taasisi iliyoko hapa hapa Phoenix, ilikuwa mstari wa mbele kuitetea, kwa hoja ya haki ya mtu na mali yake. Serikali ya jimbo nayo ilipata njia rahisi ya kodi, maana makampuni ya mtandaoni yaliwezeshwa kuikusanya na kuiwasilisha.

Mwaka huo huo ukapita mswada mwingine, namba 1487, na huu ndio unaowanyima usingizi wanasheria wa miji. Mbunge yeyote mmoja wa jimbo anaweza kumwandikia Mwanasheria Mkuu achunguze sheria ndogo ya mji. Ikionekana inapingana na sheria ya jimbo na mji usiirekebishe ndani ya siku 30, mji unazuiliwa mgawo wake wa mapato kutoka jimboni. Fedha hizo ndizo zinazosaidia kulipa polisi na zimamoto. Kwa hiyo diwani aliyekujibu kwa upole na kuinamisha kichwa hakuwa anakukwepa.

Ila usiishie hapo, kwa sababu mwaka 2022 jimbo lililegeza kamba kidogo. Kwa mswada namba 1168 mji unaweza kumtaka mwenye nyumba awe na leseni, ada isizidi dola 250, awe na bima ya dhima (ya kulipia madhara yanayowapata wengine), awaarifu majirani, na aweke namba ya mtu anayepatikana wakati wowote kukiwa na tatizo. Leseni inaweza kusimamishwa hadi miezi 12 kukiwa na makosa matatu yaliyothibitishwa ndani ya mwaka. Faini nazo hupanda: kosa la kwanza hadi dola 500 au pango la usiku mmoja, la pili 1,000 au pango la siku mbili, la tatu 3,500 au la siku tatu, kinachochukuliwa ni kiwango kilicho kikubwa.

Shika hilo neno "yaliyothibitishwa". Mimi sikulishika, likanigharimu karibu mwaka mzima. Nilikuwa napiga simu polisi. Wanafika baada ya saa moja, wanaomba muziki upunguzwe, unapunguzwa, wanaondoka. Nilipiga mara 14 na nilikuwa naandika kwenye daftari, nikiamini naikusanyia ile nyumba makosa. Siku nilipokwenda ofisi ya mji kuomba jalada, nilikuta makosa sifuri. Simu si kosa. Polisi kufika si kosa. Hata tiketi ya faini yenyewe haihesabiwi mpaka mwenye nyumba akutwe na hatia au awajibishwe na shauri limalizike kabisa. Nilikaa ndani ya gari langu pale nje nikalia.

Baada ya hapo tulibadilisha namna. Mzee mmoja Mmeksiko anayekaa ng'ambo ya barabara, pamoja na familia ya Kikongo ya nyumba ya kona, tuligawana kazi. Kwanza tunampigia yule mtu ambaye namba yake imewekwa kwa ajili ya matatizo, tunaandika saa. Asipojibu, hilo nalo tunalipeleka mjini. Polisi wakija, mmoja wetu anatoka, anatoa maelezo, anaomba namba ya ripoti na kusema wazi kwamba yuko tayari kutoa ushahidi. Hapo ndipo wengi tunapokwama, hasa sisi tuliotoka nchi nyingine. Tunaogopa kusimama mbele ya hakimu. Nakuambia kama dada yako, inachukua dakika 20 na hakuna anayekuuliza habari za kwenu. Makosa mawili yalithibitishwa. La tatu halikufika, kwa sababu kampuni iliacha wageni wa wikiendi na sasa inapangisha kwa mwezi na zaidi. Wapangaji waliopo ni wauguzi wa mikataba, nao wanalala mchana.

Jambo jingine, angalia kama mtaa wako una HOA, yaani chama cha wenye nyumba wa mtaa. Zuio la jimbo linafunga mikono ya miji na kaunti. Halifungi masharti binafsi yaliyosajiliwa pamoja na hati za nyumba. Soma masharti ya zamani kabla ya kufikiria kuyabadilisha kwa kura, kwa sababu mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Arizona, katika kesi ya Kalway, ilisema wengi hawawezi kumbebesha mwenzao sharti jipya ambalo hati ya awali haikumpa dokezo lolote kwamba lingeweza kuja.

Kuna ndugu hapo juu ameandika kwamba mali ni yake, afanye atakavyo. Ndugu, kama unapangisha chumba kimoja upate kulipia mkopo, sina neno nawe, na sheria ilipitishwa kwa jina lako. Lakini ilifungua mlango kwa kampuni zinazonunua mtaa nyumba baada ya nyumba. Nenda Sedona, mji wa hapa hapa Arizona wenye watu kama 10,000 tu. Wahudumu wa hoteli na mikahawa hawapati pa kupanga. Mji haukuweza kuweka kikomo, ukaanza kuwalipa wenye nyumba wakubali kupangisha wafanyakazi. Mwaka 2024 baraza likafika hatua ya kuidhinisha eneo la wafanyakazi kulala ndani ya magari yao, na Novemba mwaka huo wapiga kura wakalikataa.

Kikomo cha idadi ya nyumba hizi kitaamuliwa Capitol, jengo la Bunge la jimbo hapa Phoenix. Wilaya yako ina seneta mmoja na wawakilishi wawili, na kikao kinaanza Januari. Waandikie watatu wote, uwape tarehe na saa kutoka kwenye daftari lako. Kwa sasa ingia kwenye tangazo la ile nyumba. Mji ukitaka leseni unaweza pia kutaka namba yake ionekane kwenye kila tangazo. Ukiiona, iandike kabla ya Ijumaa. Usipoiona, piga picha ya tangazo uipeleke mjini Jumatatu, maana kupangisha bila leseni ni kosa linalojitegemea.