Mamogramu kabla ya kupunguzwa tumbo

Dada, kwa miaka yako 52 usingoje ukonde ndipo ukapime. Piga mamogramu (eksirei ya matiti ya kutafuta saratani) kabla ya upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo ili ukonde, na CD ya picha uitunze. Kilo zikishuka, mafuta ya titi hupungua na tishu nzito (zisizo mafuta) huonekana kutawala pichani. Daktari asiye na picha ya zamani atakosa cha kulinganisha, akurudishe kwa vipimo vingine. Kisha endelea kila miaka 2: kupungua uzito hakufuti hatari ya saratani ya matiti.

Siku ya kupima usipake deodoranti wala poda, hasa kwapani na chini ya matiti. Pichani chembe zake hufanana na vidoa vya chokaa, ambavyo huweza kuwa dalili ya saratani. Kawaida ni picha 2 kila titi. Titi kubwa huhitaji zaidi, usishtuke. Ukigusa uvimbe, nenda mara moja.