Kabla ya kuunga panorama kubwa, piga hesabu ya diski

Kompyuta ikistaki katikati ya kuunga panorama, yaani kuunganisha picha nyingi ziwe moja pana, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuongeza RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Si ushauri mbaya, ila una gharama, na mara nyingi haugusi tatizo lenyewe. Katika kazi zangu kinachoisha kwanza ni nafasi ya diski, na kinachoimaliza ni ukubwa wa picha ambao hakuna aliyeuomba.

Tuseme hoteli inataka kreta ya Ngorongoro kama inavyoonekana kutoka ukingoni, ichapwe kwa upana wa mita 3 ukutani pale mapokezi. Unapiga safu mbili tatu, unarudi na picha 50 za megapikseli 24. Zikiwa JPEG, wala hazikutishi. Lakini programu kama Hugin huifungua kila picha, ikaikunja ifuate umbo la panorama, kisha ikaiandika upya kama TIFF, aina ya faili ya picha iliyo kubwa kuliko JPEG. Kwa biti 16 (yaani baiti 2) kwa kila rangi, kila pikseli inakula baiti 8: mbili kwa kila rangi kati ya zile tatu, na mbili za uwazi. Zidisha kwa pikseli milioni 24, unapata MB 192 kwa picha moja kabla ya kubanwa. Zote 50 ni karibu GB 10, na hapo hata kuunganisha hakujaanza. Panorama yenyewe ikitoka na pikseli 40,000 kwa 16,000, ongeza GB 5 nyingine. Kuchanganya maungio nako kunadai nafasi yake ya kazi.

Sasa rudi kwa mteja. Mita 3 ni inchi 118 hivi. Picha ya ukutani inayotazamwa kwa mbali kidogo inatosheka na pikseli 150 kwa inchi, kwa hiyo upana unaohitajika ni pikseli kama 18,000. Weka namba hiyo kwenye programu kabla ya kuunga, usisubiri kuipunguza baadaye, maana hata zile TIFF za katikati zitapungua nayo. Mzigo wote unashuka hadi takriban moja ya tano. Hakuna RAM ya dukani itakayokupa nafuu ya namna hiyo bure. Na kama mteja hana kipimo, asilimia 70 ya ukubwa unaopendekezwa na programu inakata pikseli nusu, na jicho halishtuki.

Ukishapunguza, angalia faili za muda, zile programu inazoziandika ikiwa kazini, zinaandikwa wapi. Kwenye Windows kwa kawaida huenda diski C, ile ile iliyojaa kila kitu. Zihamishie SSD (diski ya kasi) yenye nafasi. Hugin na PTGui zote zina sehemu ya kuchagua folda hiyo kwenye mipangilio. Wenye Linux wawe macho zaidi: kwenye matoleo ya Fedora na Arch, folda ya faili za muda, /tmp, inakaa ndani ya RAM. Unadhani umeipunguzia RAM mzigo, kumbe unaijaza. Elekeza TMPDIR, mpangilio unaoziambia programu faili za muda ziende wapi, kwenye folda ya diski halisi.

Diski ya nje nayo ikaguliwe. Ikiwa imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, haipokei faili moja inayofika GB 4, hata iwe tupu kabisa. TIFF ya kawaida ina kikomo hicho hicho. Ukikipita, tumia aina za faili kubwa: BigTIFF, au PSB kwa wanaotumia Photoshop. JPEG yenyewe haivuki pikseli 65,535 kwa upande mmoja.

Umeme ukikatika kazi ikiendelea, TIFF za katikati hubaki pale pale kwenye folda ya panorama, majina yake yakiishia 0000, 0001, 0002 na kuendelea. Zifute kwa mkono kabla ya kuanza upya. Zile za kwenye folda ya muda husahaulika zaidi. Ukiona diski imepungua GB 20 na hujui zimeenda wapi, anzia huko.